Jina Ndani ya Chupa

Hamjambo wote. Wazee wangu, shikamooni. Wewe uliyesimama mlangoni ingia ukae, upepo wa jioni hii si mzuri. Naomba utulivu. Mama mwenye mtoto mchanga, mnyonyeshe kwanza. Redio izimwe. Na simu ziwekeni kimya, si kwa heshima yangu tu. Katika hadithi hii sitaki mtu yeyote aitwe jina lake kwa sauti. Ukitaka kumwambia jirani yako kitu, mguse bega. Tumeelewana? Haya.

Hapa hapa Babati, upande wa Nakwa, alikuwepo mwanaume mmoja anaitwa Herieli. Watu walimwita Baba Blessing, kwa jina la binti yake. Alitoka Upare akiwa kijana, akapata kazi ya mhudumu wa maabara kwenye sekondari moja. Kufagia, kuosha vyombo vya kioo, kufunga gesi wanafunzi wakisahau. Elimu yake ilikuwa darasa la saba, na hilo la saba lenyewe alilipita kwa kubahatisha. Kusoma hasa, kule kusoma ambako unafungua kitabu na kitabu kinakwambia kitu, alikupata ukubwani, ana mke na mtoto. Alipokupata hakukuachia. Akafanya mitihani ya sekondari kama mtahiniwa binafsi, akafeli, akarudia, akapita. Akaomba chuo cha elimu ya masafa, shahada ya kwanza, baiolojia. Wakati wa mambo haya alikuwa mwaka wa mwisho, na kidevu kimeshaota mvi.

Mtu aliyejua kusoma ukubwani ana tabia moja, na mimi naijua vizuri. Hasomi kimya. Neno akilikamata analitamka, alisikie, ahakikishe limekuwa lake. Herieli alikuwa hivyo. Alisoma kwa sauti vitabu, mabango ya barabarani, maandishi kwenye mfuko wa sukari. Mkewe alikuwa anamtania, "Baba Blessing, soma na kuku basi tuone kama wanajua."

Basi jioni moja, mlima Kwaraa umeshaingia giza, Herieli alikuwa peke yake kwenye chumba cha uani alichokigeuza kuwa maabara yake ndogo. Ukutani kulikuwa na rafu, na kwenye rafu chupa za kioo, na ndani ya kila chupa chura mfu kwenye dawa ya kuhifadhia, ile wanayoiita fomalini. Utafiti wake wa kumaliza chuo ulikuwa wa vyura wa Babati. Kila chupa ndani yake ina kikaratasi, kimeandikwa kwa penseli, maana wino unayeyuka. Kikaratasi kinasema ni mnyama gani, katoka wapi, na nani aliyemkamata. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi yao, mnyama asiye na karatasi ni takataka tu.

Herieli alikuwa anakagua. Anachukua chupa, anaiinua kwenye taa, anasoma. Akafika kwenye chupa ya mwisho.

"Chura, jike," akasoma. "Chemchemi ya Mutuka. Mkusanyaji, Rosalia Melkiadi."

"Abee," sauti ikaitika.

Rosalia ndiye mkewe. Herieli hakushtuka. Akarudisha chupa, akachungulia nje. Mkewe alikuwa mbali, kule kwenye banda la jiko, amemgeuzia mgongo, anapuliza mkaa.

"Mama Blessing, umeniitikia?"

"Nikuitikie nini? Hukuniita."

"Nimesikia abee."

"Ni njaa hiyo," mkewe akacheka. "Makande yanakaribia. Soma soma, utaitikiwa na sufuria."

Herieli naye akacheka. Lakini alipogeuka kuzima taa alisikia harufu. Fomalini inanuka kwa ukali, inachoma macho. Harufu ile haikuwa na ukali wowote. Ilikuwa ya tope bichi, tope la chini kabisa, lile ambalo jua halijawahi kuliona.

Sasa niwaambie huyo chura alivyopatikana.

Masika yalikuwa yanaisha na Herieli alikuwa amepata vyura wa kawaida tu, hawa wanaoingia jikoni kwa mtu. Msimamizi wake, Dokta Irine, mama mmoja mpole anayekaa huko chuoni, alimwambia kwenye simu bila kuzunguka: "Kaka Herieli, hiki ulicho nacho hakitoshi utafiti. Nitafutie kitu kingine, au urudie mwaka." Kurudia mwaka, kwa umri ule! Herieli akakaa kwenye kigoda, kichwa mikononi. Mkewe akamwona.

Mkewe ni Mmbulu, kazaliwa Mutuka. Miaka yote ya mume kusoma ni yeye aliyekaanga maandazi alfajiri na kuyatembeza stendi, ili vitabu vinunuliwe. Asubuhi iliyofuata akaenda kwao. Huko, chini ya mashamba ya mbaazi, kuna chemchemi moja. Kinamama wanachota hapo tangu enzi, na wanafuata mambo mawili. Kitu chenye uhai hakitolewi majini pale. Na hakuna anayeitwa jina lake. Jina lako la ubatizo unaliacha juu kwenye njia, ukishuka wewe ni mama wa fulani, au binti wa fulani. Kuna kitu kinakaa humo. Kina jina lake kwa Kimbulu, ila hata leo mkinilipa sitalitaja kukiwa na ndoo ya maji karibu. Mtu wa mjini angesema jini, tutosheke na hilo.

Mkewe alilijua hilo, na akashuka akaingia, akamtoa chura kwa mikono yake. Chura mweupe kama tumbo la samaki, macho mekundu. Akamleta Nakwa kwenye sufuria iliyofunikwa. Herieli alipoona alipiga kelele kama mtoto.

"Umempata wapi huyu?"

"Kwetu, kwenye chemchemi. Usiulize sana. Ila kwenye karatasi yako usiniandike mimi, andika jina lako."

"Mimi sijamkamata."

"Nani atajua?"

"Nitajua mimi, Mama Blessing." Herieli aliushika mkono wake. "Miaka yote hii unanibeba, na jina lako halijaandikwa popote. Leo linaingia kwenye sayansi. Watu watalisoma wewe na mimi tukiwa tumeshakufa."

Mwanamke akamsogezea penseli. Angeambiwa hivyo mwingine nani asingekubali? Herieli akaandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, Rosalia Melkiadi, akaizamisha karatasi pamoja na yule chura, akafunga mfuniko. Kosa lake lilikuwa hilo tu, bwana. Alikuwa mkweli, na alimpenda mkewe.

Baada ya ile abee ya kwanza, mambo yakaanza kuja taratibu. Siku ya soko, dada mmoja aliyesoma na mkewe alimsimamisha Herieli akiwa amevimba kwa hasira.

"Shemeji, mkeo siku hizi ana nini? Nimemwita hapa kwenye vitunguu, nimeita mpaka watu wanageuka. Rosalia! Rosalia! Kapita kama gari la serikali. Au kwa sababu mumewe anasomea udokta wa vyura?"

Nyumbani Herieli akamuuliza. Mkewe akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Sijasikia mtu akiniita. Kaniita Mama Blessing?"

"Hapana. Kakuita jina lako."

"Jina langu," mkewe akarudia polepole, kama mtu anayepapasa ufunguo kwenye mfuko mtupu. Kisha akasema ana kazi, akaondoka.

Mnaona ilivyojificha? Mwanamke akishazaa, nani anamwita jina lake? Mume anamwita Mama Blessing, majirani Mama Blessing, dukani Mama Blessing. Lile jina lingine linakaa kabatini kama gauni la harusi. Mwizi akiliiba, utajua lini?

Halafu chakula kikakosa chumvi. Siku ya kwanza Herieli alidhani kasahau. Siku ya pili akalichukua kopo mwenyewe, akamwambia, "Shika, nyunyiza." Mkewe akatia vidole. Akavitoa haraka, na Herieli akaona ngozi ya vidole imewiva, inatoka kama ganda la nyanya iliyopitishwa maji ya moto.

"Inachoma," mkewe akasema. Wala hakulia, kama vile ni kawaida chumvi kuchoma.

Aliyemaliza mambo ni Blessing mwenyewe. Mtoto wa darasa la nne, hana siri. Alimfuata baba yake huku akinyata, akamwambia sikioni.

"Baba. Mama hanywi maji."

"Anakunywa, mwanangu."

"Hanywi. Nimemwangalia. Anakaa nyuma ya nyumba, anatia miguu kwenye beseni. Halafu maji yanaisha."

"Yanamwagika."

"Hayamwagiki, baba. Chini ni pakavu."

Herieli akazunguka nyumba bila viatu. Mkewe alikuwa amekaa kwenye tofali, kanga imepandishwa, miguu kwenye beseni la bluu, macho mazito, na maji ya beseni yalikuwa yanashuka yenyewe kwa upole, yakiacha alama ya unyevu pembeni kila yalipopungua, kama maji ya bwawa wakati wa kiangazi. Koo lake lilikuwa linapiga, lile tufe la chini ya kidevu, upesi upesi, tup tup tup.

Alirudi chumbani kwake akafungua kitabu cha wanyama, sura ya amfibia, ambayo alikuwa ameipigia mistari mwenyewe. Akasoma, na safari hii hakutoa sauti. Chura hanywi maji kwa kinywa. Anayanywa kwa ngozi. Chumvi inaikausha ngozi ya chura na kumuua. Tangu ajue kusoma, hiyo ilikuwa mara ya kwanza Herieli kutamani asingejua.

Akainua macho kwenye rafu. Yule chura mweupe alikuwa amewekwa chali ndani ya chupa, yeye mwenyewe ndiye aliyemweka. Sasa alikuwa wima, uso kwenye kioo, ameelekea banda la jiko. Na ile karatasi alikuwa ameikumbatia kifuani kwa vidole vyake vyote, kama mtoto anavyoshika mkate asinyang'anywe.

Mtu mwenye akili angekimbia. Herieli alikuwa mtu wa baiolojia, na watu wa baiolojia wamefundishwa kwamba kitu kimoja hukitazami mara moja, unakirudia ili uwe na uhakika, kwa hiyo alisogeza kiti, akakaa mbele ya ile chupa huku mashine za kusaga za mtaani zikinguruma na mchana ukiwa bado mweupe dirishani, akalamba midomo, akasema kwa sauti ndogo ya mtu anayeita mlangoni kwa wakubwa, "Rosalia," na ndani ya kioo kilichofungwa, ndani ya dawa inayoua kila chenye uhai, sauti ikaitika "abee," sauti ya mkewe kabisa lakini ya zamani, ya siku zile alipomkuta msichana anauza miwa, sauti yenye kicheko ndani yake, na wakati huo huo kule nyuma ya nyumba beseni likaanguka, na Herieli alipochungulia alimwona mkewe amesimama, mdomo wazi, midomo inafanya umbo la lile neno, abee, abee, abee, na hakuna sauti inayotoka, isipokuwa maji, yanachuruzika kidogo kidogo kidevuni.

Simu ikaita. Ni Dokta Irine.

"Kaka Herieli! Ile picha uliyonitumia nimewaonyesha wenzangu. Huyo chura hatumjui! Unanielewa? Hayumo kwenye vitabu. Wiki ijayo nakuja Babati mwenyewe kumchukua. Mlinde kama mboni ya jicho. Shahada yako iko ndani ya hiyo chupa."

"Sawa, Dokta," Herieli akasema.

Nataka mmwelewe, msimhukumu. Usiku ule alijiambia kwamba Dokta akimchukua yule chura basi balaa litakuwa limeondoka nyumbani kwake, na yeye atakuwa amehitimu, mambo mawili kwa safari moja. Alitaka sana liwe hivyo. Asubuhi, hata hivyo, alipomgusa mkewe akakuta ngozi ya baridi inayoteleza, alipanda bodaboda mpaka Mutuka kwa Shangazi Edda.

Shangazi Edda ni dada wa baba yake Rosalia. Anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Kilutheri, anafuga nguruwe, na watu wakipatwa na mambo ya maji wanamwendea kimya kimya. Alimsikiliza Herieli huku anapukuchua mahindi. Aliposikia neno karatasi, gunzi likamtoka mkononi.

"Umeandika jina lake. Ukalitia kwenye maji. Pamoja na yule."

"Shangazi, ndiyo kanuni ya..."

"Nyie Wapare, mngeweza mngeandika hata kivuli!" Akashusha sauti, akatazama mtungi uliokuwa pembeni, akauhamishia nje kabla ya kuendelea. "Sikiliza, mkwe. Kitu kile hakina jina la mtu, ndiyo maana hakitoki. Kinasubiri apatikane mjinga wa kukipa. Wewe umekipa na cheti juu."

"Wiki ijayo msimamizi wangu anakuja kumchukua. Akienda naye, si balaa litakuwa limetoka nyumbani?"

"Litatoka. Na mkeo atatoka nalo. Atakayebaki kwenye kile kitanda chako hutapenda kulala naye."

Herieli akatazama mikono yake. "Na shahada yangu, Shangazi?"

"Unaniuliza mimi?" mwanamke yule akasema, akaokota gunzi lake. "Muulize aliyekuletea chura."

Herieli alikaa pale mpaka nguruwe wakaanza kupiga kelele za kudai chakula. Kisha akasema, "Twende lini?"

"Kesho, jua la utosini. Saa hiyo mtu hana kivuli cha kukamatwa nacho. Mtoto asije."

"Mchungaji akisikia?"

"Mchungaji mwenyewe bibi yake alichota maji pale. Nenda kamlete mke wako."

Kesho yake Herieli alimleta na bajaji. Njia nzima Rosalia alitoa mkono nje akipapasa hewa, kama anatafuta ukungu. Chupa Herieli alikuwa ameipakata, imefungwa kwenye sweta. Dereva alilalamika kiti chake kimelowa, akauliza kama wamebeba samaki.

Wao na Shangazi walishuka kwa miguu kupitia mbaazi. Jua lilikuwa kali mpaka majani yamejikunja, lakini chini kwenye chemchemi palikuwa na baridi ya asubuhi, na hapakuwa na sauti ya mdudu wala ndege. Maji yalikuwa meusi, yametulia. Shangazi Edda akang'oa majani mabichi, akampa kila mtu ashike. Ni majani ya kuomba amani, ndivyo wanavyofanya wao. Akamimina maziwa kidogo majini. Maziwa hayakusambaa. Yalizama yakiwa yameshikana, kama yamepokelewa.

"Mrudishe," akanong'ona. "Karatasi ubaki nayo kwanza. Halafu liite lile jina, wewe uliyeliandika. Mara moja. Kitu kile kikishaitika, achia karatasi, kiende nayo. Na huyu tumshike."

"Tusipomshika?"

"Baba Blessing, fungua chupa."

Akafungua. Ile harufu ya tope ikawapiga. Yule chura, ambaye alikuwa amekaa kwenye fomalini tangu masika, akateleza kwenye kiganja chake, na Herieli akahisi moyo mdogo unapiga. Akamweka majini. Chura hakwenda. Alielea pale pale, macho mekundu juu, anamtazama kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa kwenye mahudhurio. Herieli akaishika karatasi iliyolowa. Penseli ilikuwa haijafutika hata herufi moja, na yeye aliyekuwa akijisifu kwa mwandiko ule aliuona sasa ulivyo mzuri, akachukia.

"Rosalia Melkiadi," akasoma.

"Abee," maji yakaitika.

Siyo mahali pamoja, maji yote, toka ukingo mpaka ukingo, na kabla Herieli hajaachia ile karatasi mkewe alichomoka mikononi mwa Shangazi Edda kama sabuni, akaingia, akafika magotini, akafika mapajani, kanga ikafunguka ikaelea nyuma yake, naye anakwenda bila kupiga hatua, kama mtu anayevutwa kwa kamba na mtu anayemjua, huku Shangazi akilia "Mshike, mshike!" kwa sauti ya chini chini maana hata kwa hofu ile hakuthubutu kupiga kelele pale, na Herieli alifungua mdomo amwite arudi na jina lililomjia ulimini lilikuwa ni lile lile, lililokuwa mkononi mwake, jina la kwanza alilojua la mwanamke yule, na akalimeza, akalimeza kama mfupa, machozi yakamtoka, akapiga ukelele, "Mama Blessing!"

Mwanamke akasimama. Maji yalikuwa kifuani.

"Mama Blessing! Mtoto anatoka shule saa hizi. Nani atamfungulia mlango?"

Bega likageuka kwanza. Halafu uso. Ulikuwa umeloa, umechoka, lakini ulikuwa uso wa mtu.

"Abee, Baba Blessing," akasema. "Kwani ni saa ngapi?"

Herieli akafungua vidole. Karatasi ikatua juu ya maji. Chura akaishika, akaikumbatia kifuani kama alivyoizoea, akazama nayo bila kuacha hata kiduara. Kitambo baadaye ndege mmoja akalia kwenye mbaazi.

Njiani kupanda, Shangazi Edda alimvuta Herieli nyuma. "Lile jina mmeliacha. Si lake tena, ni la maji. Palipo na maji litasikika. Usimwite hivyo tena, hata kwa mapenzi, hata siku ya kumzika. Mtaandika Mama Blessing kwenye msalaba, Mungu anamjua."

Walipofika nyumbani jambo la kwanza mwanamke alilofanya ni kulichukua kopo la chumvi, akamimina kiganjani, akalamba. Akalamba tena. Akaketi chini na kopo lake, analamba na kulia, na Blessing akakaa naye, akadhani ni mchezo, naye akalamba.

Dokta Irine alikuja akapewa vyura wa kawaida. Herieli alimwambia yule mweupe amemwaga kwa bahati mbaya. Mama wa watu alihuzunika, akasema, "Ungekuwa kwenye vitabu, kaka yangu." Lakini alimhurumia. Akamsaidia kuupanga utafiti upya na hao vyura wa jikoni, ukapita kwa alama za chini. Herieli akahitimu. Picha yake na lile joho ipo sebuleni mpaka leo, mkewe pembeni ameshika ua.

Kazi zote zilizokuwa na lile jina Herieli alizichoma. Alikagua kila ukurasa.

Mwaka huu, juzi juzi tu, simu yake ikaita wakiwa wanakula. Akaiweka spika, maana mkono ulikuwa na chakula. Ni Dokta.

"Kaka Herieli, habari za siku nyingi! Nipo maabara napanga kazi za zamani za wanafunzi, nimekutana na ile nakala yako ya kwanza kabisa uliyonitumia. Ukurasa wa shukrani umenigusa sana. Ngoja nikusomee."

"Dokta, hapana. Dokta, usi..."

Lakini mwalimu akishaanza kusoma, nani anamkatiza? "Namshukuru mke wangu mpenzi, aliyenibeba miaka yote, Rosalia Mel..."

Herieli alisikia kwenye simu bomba linafunguka. Maji yakimiminika kwenye sinki, kwa nguvu. Na nyuma ya maji, karibu sana na mdomo wa simu, sauti changa yenye kicheko ndani yake.

"Abee."

"Karibu, ingia," Dokta Irine akasema kwa upole, akiwa amegeuka. "Samahani, kaka, kuna mwanafunzi ameitika hapa. Mbona umelowa hivyo, mdogo wangu? Unaitwa nani?"

Simu ikakatika. Herieli akainua macho. Upande wa pili wa meza, Mama Blessing alikuwa ameacha kula. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo.

"Baba Blessing," akauliza, "huyo Rosalia ni nani?"

Basi. Msiniulize Dokta yuko wapi, nimewapa nilichopewa. Mimi naondoka kabla mvua haijashika, maana nasikia inakuja upande wa ziwani. Nitapita tena hapa mbaazi zikishavunwa. Nikichelewa mkataka kuniita, niiteni Baba Theophil, hilo la mwanangu linatosha. Na kama mtaniita usiku wa mvua, mkasikia nimeitika haraka kuliko kawaida yangu, fungeni mlango.